Goma: Historia ya maji yanayopanda kutoka ziwani

Mjini Goma, Kivu ya Kaskazini, robine inaweza kukauka huku ziwa likionekana pale chini. Wakaaji wanalalamika kwamba presha ni ndogo, na mwenye uwezo ananunua pampu ya nyumbani. Lakini historia ya mji inaonyesha kwamba shida hii haikuanzia nyumbani.

Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano. Mvua inanyesha sana, ila maji yanapenya kati ya mawe na kupotea. Hakuna mto unaopita mjini. Ndiyo maana maji ya bomba yanasukumwa kutoka Ziwa Kivu, lililo kwenye kimo cha mita karibu 1460. Kutoka hapo mji unapanda kuelekea Nyiragongo. Uwanja wa ndege uko kwenye mita karibu 1550. Kila mita 10 za kupanda zinakula bari 1 ya presha. Kwa hiyo, ili maji yafike tu kimo cha uwanja wa ndege, mashine za ziwani zinapaswa kusukuma kwa bari 9, bila kuhesabu yanayovuja njiani.

Regideso, kampuni ya serikali inayogawa maji, ilianzishwa mwaka 1939, wakati wa ukoloni wa Wabelgiji. Goma ya zamani ilikuwa mji mdogo kando ya ziwa. Baadaye vita na kutafuta maisha vilileta watu wengi, na mitaa ikapanda mbele ya tiyo.

Julai 1994, wakimbizi karibu milioni moja kutoka Rwanda waliingia kwa siku chache. Kibumba, kambi ya kaskazini, haikuwa na maji; yaliletwa kwa malori. Wengine walikunywa maji ya ziwa bila dawa. Kolera na kuhara damu viliua karibu watu 50 000 katika mwezi wa kwanza.

Tarehe 17 Januari 2002, lava ilipasua mji katikati hadi ziwani. Tarehe 22 Mei 2021, ilisimama Buhene, mlangoni mwa mji, lakini iliharibu tiyo na hifadhi ya maji. Karibu watu nusu milioni walikosa maji. Mwisho wa 2022, familia zilizokimbia Rutshuru zilijenga vibanda Kanyaruchinya, mbali juu ya ziwa. Na mwisho wa Januari 2025, wakati wa mapigano mjini, umeme ulikatika na maji ya bomba yakakatika pia. Watu wakarudi ziwani na bidoni.

Kila mara jambo ni lile lile: nguvu ya kusukuma ikipungua, mtu wa juu anakosa wa kwanza.

Hapo ndipo pampu ya nyumbani inapaswa kueleweka. Pampu haizai maji. Ikifungwa moja kwa moja kwenye tiyo ya barabara, inavuta fungu la jirani wa juu. Tena, tiyo isiyojaa ikinyonywa, maji machafu ya nje yanaingia kupitia matundu. Katika mji unaoijua kolera hivi, huo si mchezo.

Njia salama ni kuweka tanki chini, lijae polepole usiku, wakati robine nyingi zimefungwa. Pampu ivute kutoka tanki hilo, isukume ndani ya nyumba au kwenye tanki la juu. Tanki lililoinuliwa mita 3 linatoa bari 0,3 tu: inatosha kujaza bidoni, ni kidogo kwa bafu. Tanki lifunikwe na lioshwe, na pampu isizunguke bila maji, maana itaungua. Kabla ya kutoa pesa, ni vizuri kuangalia kama vali zote zimefunguka, kama chujio halijaziba na kama tiyo ya zamani haijajaa kutu.

Familia nyingi zilizohama zinapanga chumba katika uwanja wa watu wengi. Mwenye nyumba akifunga pampu, swali la kumuuliza ni moja: inavuta kwenye tanki, au kwenye tiyo ya wote?