Kamukunji ya Saba Saba: Tangazo dogo la chuoni lina historia ndefu

WIKI mbili zilizopita nilisimama mbele ya ubao wa matangazo ulio karibu na mkahawa wa wanafunzi chuoni mwetu. Haya ni mazoea yangu ya miaka mingi. Kabla ya kuingia darasani huusoma ubao huo kwa makini, kama vile wazee wenzangu wanavyosoma ukurasa wa matangazo ya vifo gazetini.

Siku hiyo palikuwa na tangazo la mechi ya kandanda baina ya mabweni mawili, la kitambulisho kilichopotea, la chumba cha kupanga nje ya lango, la mkesha wa maombi Ijumaa, na la binti anayesuka nywele kwa bei nafuu chumbani mwake. Katikati palibandikwa bango kubwa la rangi likitangaza Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 7 Julai. Bango zima lilikuwa la Kiingereza isipokuwa neno moja tu: 'Karibuni'.

Pembeni, karibu lidondoke, palikuwa na karatasi iliyochanwa daftarini na kuandikwa kwa kalamu ya wino mzito: "Kamukunji leo saa kumi. Maji kwa hosteli. Wote tukuje."

Nakiri kwamba mkono wangu ulitafuta kalamu nyekundu mfukoni ili kulisahihisha hilo 'tukuje'. Kisha nikajizuia. Karatasi ile, pamoja na kasoro zake, ilikuwa imefanya jambo ambalo bango la rangi lilishindwa kufanya. Ilizungumza na watu kwa Kiswahili kuhusu shida yao. Bango lilikuwa likikisifia Kiswahili kwa lugha nyingine.

Nilipomuuliza mwanafunzi mmoja wa kamati ya maandalizi, alinijibu kwa heshima zote: "Prof, wadhamini wanataka Kiingereza. Halafu watu wa kitivo kingine hawataelewa." Nikamuuliza kama wale wa kitivo kingine hununua chapati na ndengu pale kibandani kwa Kiingereza. Akacheka. "Hapo umenishika, Prof."

Hata hivyo, si bango lililonifanya nichukue kalamu wiki hii. Siku iliyofuata kamati yetu ilikutana, na suala la kwanza katika ajenda likawa pendekezo la kuiahirisha sherehe. Sababu iliyotolewa ilikuwa nzito. Tarehe 7 Julai ni Saba Saba, na Saba Saba ina mambo yake mjini. Mwaka wa 2025 polisi waliziba barabara kuu za kuingia Nairobi siku hiyo, maduka yakafungwa, na kufikia jioni kulikuwa na familia zilizokuwa zikilia. Mwenzangu mmoja akasema, "Tusogeze hadi tarehe tisa. Kiswahili ni kilekile."

Niliinua mkono kuunga mkono. Nina wajukuu wenye umri unaokaribia wa wanafunzi hawa, na sikutaka mtoto wa mtu ajeruhiwe njiani akija kunisikiliza nikihutubu kuhusu ngeli. Ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, aliyekuwa akiandika kumbukumbu za kikao, aliyetuuliza swali ambalo sisi maprofesa hatukuwa tumejiuliza: "Kwani tarehe saba ilichaguliwa kwa nini?"

Swali hilo ndilo linalostahili jibu pana.

UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mnamo tarehe 23 Novemba 2021, na sherehe za kwanza zikafanyika 2022. Kiswahili kikawa lugha ya kwanza ya Kiafrika kutengewa siku yake kwa namna hiyo. Tarehe yenyewe haikuokotwa tu. Tarehe 7 Julai 1954 ndipo chama cha TANU kilipozaliwa jijini Dar es Salaam chini ya uongozi wa Julius Nyerere, nacho kikakifanya Kiswahili kuwa chombo cha kupigania uhuru. Lugha hiyo iliwawezesha wananchi wa makabila mengi kukaa katika mkutano mmoja wa hadhara bila mkalimani. Kwa hiyo siku tunayoisherehekea ni siku ya mkutano wa kisiasa. Anayetaka kuitenga siasa na tarehe hiyo atalazimika kuitenga na asili yake.

Nchini Tanzania, tarehe hiyo ilipewa jina la Saba Saba, yaani siku ya saba ya mwezi wa saba. Baadaye jina likahama kutoka kwenye kalenda hadi ardhini. Ukimwambia dereva wa Dar es Salaam akupeleke Sabasaba, atakufikisha kwenye viwanja vya maonyesho ya biashara vilivyoko Barabara ya Kilwa. Hapo tarehe imegeuka kuwa mahali.

Kwetu Kenya Saba Saba ilizaliwa upya. Mnamo Mei 1990, Kenneth Matiba na Charles Rubia walijitokeza hadharani kudai mfumo wa vyama vingi. Wakaomba leseni ya kuandaa mkutano katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi, tarehe 7 Julai. Leseni haikutolewa, na tarehe 4 Julai wote wawili wakatiwa kizuizini. Watu walikwenda Kamukunji hata hivyo. Walitawanywa kwa nguvu, ghasia zikaenea kwa siku kadhaa, na kuna waliopoteza maisha. Mwaka uliofuata, Desemba 1991, kifungu cha 2A cha katiba, kilichokuwa kimeifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja, kiliondolewa.

Hivyo basi, Saba Saba mbili za nchi mbili zinakutana katika jambo moja, nalo ni haki ya watu kukusanyika na kusemezana kwa lugha wanayoielewa.

Sasa turudi kwenye ile karatasi ya daftari, maana neno 'kamukunji' lina safari yake. Kamukunji ni uwanja ulio mashariki mwa katikati ya jiji la Nairobi, jirani na mafundi wa jua kali wanaogonga mabati na masanduku kutwa kucha, na si mbali na soko la Gikomba. Leo pia ni jina la eneobunge. Lakini katika vyuo vikuu vya Kenya, kamukunji ni nomino ya kawaida, inayoanza kwa herufi ndogo, na iliyo katika ngeli ya I-ZI: kamukunji imeitishwa, kamukunji zimezidi. Maana yake ni mkutano wa dharura wa wanafunzi, usio na viti vya wageni waheshimiwa wala itifaki ndefu. Wabunge wetu pia wamelichukua neno hilo. Wanapotaka kujadili jambo nje ya kanuni za Bunge, huitana katika kamukunji.

Nilipojiunga na chuo kikuu katikati ya miaka ya themanini, baada ya kupitia mafunzo ya Huduma ya Vijana kwa Taifa yaliyoanzishwa 1984 kwa waliokuwa wakielekea chuoni, neno hili nililikuta likitumika. Matangazo ya kamukunji hayakubandikwa popote wakati huo. Karatasi ingeweza kukuletea balaa, kwa kuwa mwandiko hutambulika. Usiku ungesikia mtu akipita kwenye korido za bweni akigonga sahani ya bati kwa kijiko, akitaja neno hilo moja na saa. Basi. Asubuhi kila mtu alikuwa na habari.

Zilikuwa nyakati ngumu. Baada ya jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982, Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa kwa muda mrefu, na kiongozi wa chama cha wanafunzi cha SONU, Titus Adungosi, akahukumiwa kifungo cha miaka kumi. Alifia gerezani 1988. Tarehe 10 Februari 1985, siku ya Jumapili, polisi waliuvunja mkutano wa maombi wa wanafunzi katika uwanja wa michezo wa chuo hicho, na damu ikamwagika. Yeyote aliyesoma enzi hizo anajua kwamba kukutana tu, hata kwa kusali, kulikuwa na gharama.

Mwanaisimu atauliza: jina la uwanja limewezaje kuwa jina la mkutano? Jibu ni kwamba Kiswahili kina tabia hiyo tangu zamani. Baraza awali ni kile kibao cha mawe au udongo kilichojengwa nje ya nyumba ya Waswahili, ambapo wanaume walikaa jioni kunywa kahawa na kupiga soga. Kutoka hapo neno likawa jina la watu waliokaa hapo, kisha la mkutano wenyewe, hadi leo tuna baraza la chifu na Baraza la Mawaziri. Ukumbi nao ulikuwa sehemu ya mbele ya nyumba, ya kupokelea wageni, kabla haujawa chumba kikubwa cha mihadhara. Kamukunji imepita njia ileile waliyopita baraza na ukumbi.

Kuna tofauti moja, hata hivyo. Baraza la chifu huitwa na chifu, na mwananchi huenda kusikiliza. Kamukunji huitwa na wale wenye shida, nao ndio husema. Tofauti hiyo ndiyo sababu wanafunzi walihitaji neno jingine ilhali maneno 'mkutano' na 'baraza' yalikuwapo tayari. Lugha haiongezi neno bure.

Neno 'tangazo' lenyewe linatufunza. Linatokana na kitenzi 'tangaa', yaani kuenea na kujulikana kote. Kutangaza ni kulifanya jambo litangae. Jambo lililoandikwa kwa lugha ambayo mlengwa haitumii katika maisha yake limebandikwa, ila halijatangaa. Aidha, sheria yetu imekuja kulitambua tangazo. Hadi 1997, aliyetaka kufanya mkutano wa hadhara alihitaji leseni. Marekebisho ya mwaka huo yaliiondoa leseni, na badala yake mwandalizi huwaarifu polisi kati ya siku tatu na siku kumi na nne kabla ya mkutano. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 37, ikaithibitisha haki ya kukusanyika kwa amani bila silaha, na katika kifungu cha 7 ikakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Kutoka kuomba ruhusa hadi kutoa taarifa ni hatua kubwa, na kuna watu walioilipia kwa maisha yao.

Haya ndiyo niliyowaeleza wenzangu tulipokutana tena. Niliuondoa mkono nilioinua mara ya kwanza. Niliwaambia kwamba hofu yao ni ya kweli na ninayo hata mimi, lakini kuihamisha Siku ya Kiswahili ili ikae mbali na Saba Saba ni kuwafunza vijana kwamba lugha hii ni ya ngoma, kanga na ngonjera tu, na kwamba yale mazito yana lugha nyingine na siku nyingine. Mwenzangu wa tarehe tisa hakukubali papo hapo. Alisema, "Historia haitamrudisha mtoto wa mtu nyumbani." Sikuwa na jibu la haraka, wala sidhani lipo. Tulibishana kwa saa nzima, chai ikapoa.

Hatimaye tuliafikiana. Sherehe itabaki tarehe 7 Julai, ila ndani ya chuo, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa saba, kwa wanaoishi chuoni na jirani. Wanaotoka mbali watafuatilia kwa simu. Hakutakuwa na jukwaa la waheshimiwa. Tutaketi nyasini chini ya miti, kwa mtindo wa kamukunji, na kila mtu, awe mpishi, bawabu, mhadhiri au mwanafunzi, atakuwa na dakika tatu za kusema. Bango limeandikwa upya kwa Kiswahili, na wadhamini hawakukimbia.

Nina ombi kwa wakutubi wa vyuo vyetu. Matangazo ya aina ya ile karatasi ya daftari hayahifadhiwi popote. Siku hizi mengi hutumwa kwenye makundi ya simu, na simu ikiibwa Gikomba, historia imekwenda nayo. Tuna faili za mihutasari ya seneti tangu enzi hizo, lakini hatuna karatasi moja ya kamukunji, ingawa humo ndimo mlimokuwa na maisha ya chuo: maji, chakula, karo, mechi na maombolezo. Watunga kamusi nao wanapolieleza neno hili wasiishie kwenye jina la uwanja. Wawatembelee wanaolitumia.

Karatasi ile niliiomba kwa aliyeibandika baada ya saa kumi kupita. Alishangaa profesa anataka takataka ya nini, lakini akanipa. Nimeitia kwenye faili pamoja na bango jipya. Sikulisahihisha 'tukuje'. Maji, nimeambiwa, yalirudi bwenini siku mbili baadaye.