Tohara ya Watoto Wachanga: Kutoka Kambi ya Msituni hadi Nyumba ya Uzazi



Katika mji wetu wa Kindu, mtoto wa kiume mara nyingi hutahiriwa angali mchanga, naye hukua bila kumbukumbu yoyote ya siku hiyo. Babu zetu wengi waliikumbuka siku yao mpaka kufa. Badiliko hili lina historia. Inatupasa kuijua, kwa maana pamoja na umri wa kutahiriwa limebadilika jambo jingine kubwa zaidi.

Tuanze na Warega, ambao nchi yao inaanzia Pangi, katika mkoa wetu, na kuenea hadi Shabunda na Mwenga. Kwao tohara ilikuwa sehemu ya bwali. Wavulana walitengwa na kijiji, wakakaa kambini chini ya uangalizi wa wakubwa, wakasikia sauti ya Kimbilikiti ambayo wanawake na wasiotahiriwa hawakuruhusiwa kujua siri yake. Walifundishwa nyimbo, methali, uvumilivu na heshima kwa wazee. Asiyepitia bwali hakuweza kupanda ngazi za bwami, chama kilichobeba hekima na mamlaka ya kabila. Kwa hiyo kisu kilikuwa mlango tu. Nyumba yenyewe ilikuwa mafundisho.

Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa pwani walifika Lualaba. David Livingstone aliliona soko la Nyangwe mwaka 1871, na baadaye Tippu Tip akaifanya Kasongo kuwa makao yake. Watu hao walileta utumwa na machozi. Walileta pia Kiswahili na Uislamu. Kwa Waislamu tohara ni usafi na ni alama ya dini, wala haimlazimu mtoto kungoja ujana. Wapo wanaoifanya siku ya 7 tangu kuzaliwa. Hivyo tohara ya utotoni ikapata mfano wake hapa kwetu.

Kisha ukaja utawala wa Wabelgiji. Reli ya Kindu na Kongolo ilivuta wafanyakazi mjini, shule ikaweka kalenda yake, zahanati zikafunguliwa. Mzazi aliyefungwa na saa za kazi hakuweza kwa urahisi kumpeleka mwanawe kambini kwa miezi. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni iliipiga bwami marufuku. Taratibu, kazi ya mtahiri wa kijiji ikahamia mikononi mwa muuguzi.

Waganga nao wana sababu zao. Mtoto mchanga huwa na jeraha dogo linalopona upesi. Aliyetahiriwa hupatwa kwa nadra zaidi na maambukizo ya njia ya mkojo. Majaribio yaliyofanywa Afrika Kusini, Kisumu nchini Kenya na Rakai nchini Uganda yalionyesha kwamba tohara hupunguza kwa kadiri ya asilimia 60 hatari ya mwanamume kuambukizwa Ukimwi na mwanamke. Kwa ajili hiyo, mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kuwa njia mojawapo ya kinga. Lakini kupunguza hatari si kuiondoa. Kijana anayejiona salama kwa sababu ametahiriwa anajidanganya.

Aidha, tohara ina hatari zake: damu isiyokoma, jeraha kuoza, pepopunda. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati au aliye mgonjwa hungojewa. Na yule ambaye tundu lake la mkojo haliko mahali pake hatahiriwi kabla ya kuonwa na daktari wa upasuaji, kwa kuwa ngozi hiyo itahitajiwa kumtengeneza. Kwa hiyo mahali pa kazi hii ni mbele ya mganga aliyesomea, mwenye vifaa safi.

Nasi Wakristo tuseme nini? Mungu alimpa Ibrahimu tohara ya siku ya 8 iwe alama ya agano, na Yesu mwenyewe alitahiriwa siku hiyo, kama anavyosimulia Mtakatifu Luka. Zamani tarehe 1 Januari iliadhimishwa katika Kanisa kwa jina la Kutahiriwa kwa Bwana. Hata hivyo Mitume walipokutana Yerusalemu waliamua kwamba watu wa mataifa wasitwishwe mzigo huo. Mlango wetu ni Ubatizo. Anayetahiri mwanawe kwa desturi au kwa afya hakosi. Asiyetahiriwa naye hapungukiwi na kitu mbele ya Mungu. Basi kumcheka mwenzetu mtoni au shuleni kwa sababu ya mwili wake ni dhambi dhidi ya upendo.

Yatupasa sasa kutazama lililopotea. Nyumba ya uzazi imechukua kisu cha bwali na kukifanya salama zaidi, nalo ni jambo la kushukuru. Lakini mafundisho hayakuhamia huko, wala hayangeweza, kwa maana mtoto wa siku chache hafundishiki. Mvulana wa leo hufikia miaka 15 akiwa ametahiriwa zamani, ila hajaambiwa na mtu mzima yeyote namna ya kuutawala mwili wake, kumheshimu msichana, kushika siri na kuvumilia taabu. Pengo hilo hujazwa na simu na maneno ya barabarani.

Kazi hiyo ni ya baba, wajomba, wazee wa jumuiya na makatekista wetu. Tuwaendee tuwaulize, wakingali hai.