Lami, Mpira, na Moto wa Roketi

Watu wakisikia habari za roketi, wengi huuliza juu ya moto wake: umetoka wapi, na nguvu zake ni kiasi gani? Ni wachache waulizao ni kitu gani kiushikacho moto ule, hata usiwaangamize wale wale waliouwasha. Mwezi huu tumekusudia kueleza historia ya kitu hicho, yaani gundi iunganishayo chembe za baruti. Maana uhai wa watu wengi umeitegemea.

Kwanza yatupasa kufahamu jinsi baruti ya roketi iunguavyo. Haiungui yote mara moja, bali huungua usoni tu, kama gogo liliwalo na moto kutoka nje kwenda ndani. Uso ukiwa mpana, hewa ya moto huwa nyingi. Ukiwa mdogo, huwa kidogo. Basi baruti ikiwa na ufa, moto huingia katika ufa ule, na uso uunguao huongezeka ghafula. Hewa ya moto haiwezi kutoka yote katika tundu lililowekwa, na bomba hupasuka. Wazee walisema, Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini mwenye roketi hapati hata nafasi ya kuujenga ukuta.

Roketi za kale zilikuwa za baruti nyeusi iliyoshindiliwa kwa nguvu. Ndivyo zilivyokuwa za Wachina, na ndivyo zilivyokuwa zile za mabomba ya chuma ambazo watu wa Mysore katika Bara Hindi waliwarushia Waingereza katika vita vya Pollilur mwaka 1780. Chembe zilishikana kwa kubanwa tu.

Mwezi wa Agosti 1941, huko California katika Marekani, mastadi wa chuo cha Pasadena, chini ya mwalimu wao Theodore von Kármán, walifunga roketi ndogo katika ndege ili ziisaidie kuruka upesi. Rubani Homer Boushey akaruka nayo salama. Watu walifurahi, lakini furaha haikudumu. Roketi zilizotengenezwa karibuni ziliwaka vema; zile zilizowekwa akiba, zikapitiwa na joto na baridi, zilipasuka zilipowashwa. Baruti ilikuwa imeingia nyufa.

Kila aliyekandika nyumba kwa udongo mtupu ameyaona mambo hayo. Jua likishika, ukuta hupasuka. Ndiyo sababu watu huchanganya nyasi katika udongo. Mastadi wale nao walihitaji kitu cha kushika baruti yao. Mwaka 1942 mmoja wao, John Parsons, mtu asiyekuwa na shahada ya chuo, aliiacha baruti nyeusi. Akayeyusha lami, akachanganya ndani yake chumvi yenye oksijeni nyingi, akaimimina katika bomba, ikaganda. Lami ilifanya kazi mbili: ilizishika chembe za chumvi, tena yenyewe ilikuwa kuni za moto ule. Roketi za namna hiyo zingeweza kuwekwa ghalani zisipasuke kama zile za kwanza, na ndege za jeshi la majini zikaanza kuzitumia.

Hata hivyo lami ina tabia yake. Katika baridi kali hukauka na kupasuka kama kigae. Katika jua kali hulegea na kutiririka. Roketi iliyokuwa salama mahali pamoja iliweza kuwa hatari mahali pengine.

Hapo ndipo mpira ulipoingia. Katika miaka ya 1920 mkemia Joseph Patrick, alipokuwa akitafuta dawa ya kuzuia maji ya motokaa yasigande, alipata kitu kinatacho chenye harufu mbaya, kikawa mpira uitwao Thiokol. Baada ya vita Charles Bartley, stadi wa Pasadena, aliuona kuwa wafaa. Mpira wa namna hii ni polima, yaani vipande vidogo mno vilivyoshikana kama mnyororo mrefu. Ukivutwa hunyoka, ukiachwa hurudi. Huchanganywa na chumvi ukiwa mzito kama uji, humiminwa, kisha hukaza. Hunata katika ukuta wa bomba, hata moto uanze katika tundu la katikati na kwenda nje, na baruti yenyewe iulinde ukuta usiungue. Baruti ikipata joto au baridi, mpira hunyumbuka wala haupasuki upesi.

Baadaye zikapatikana polima nyingine bora zaidi. Roketi mbili zilizoinua vyombo vya anga vya Marekani tangu 1981 mpaka 2011 zilikuwa na baruti kama tani 500 kila moja. Na gundi yake ilikuwa kama sehemu 12 tu katika 100. Roketi za baruti ngumu zilitumika pia karibu nasi. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, roketi ya Scout yenye madaraja manne ilikipeleka juu chombo kilichopewa jina la Uhuru, kwa kuwa siku ile ilikuwa ya ukumbusho wa uhuru wa Kenya. Chombo hicho kiligundua mahali zaidi ya 300 mbinguni patokapo miale ya eksirei. Wala hatufichi kwamba elimu hiyo hiyo imetumika kutengeneza silaha za kutisha.

Tena mpira nao una mipaka yake. Tarehe 28 Januari 1986, asubuhi ya baridi, chombo Challenger kiliharibika angani, wakafa watu saba, na mmoja wao alikuwa mwalimu, Christa McAuliffe. Kosa halikuwa katika gundi ya baruti, bali katika pete ya mpira iliyoziba kiungo cha bomba: baridi iliifanya ngumu, na moto ukapenya. Lakini sheria ni ile ile. Kilicho laini leo chaweza kuwa kigumu kesho, na ajuaye hayo hana budi kukipima kabla ya kuwasha moto.

Basi, ndugu msomaji, mastadi hawa hawakufaulu kwa kutafuta moto mkali zaidi tu. Moto walikuwa nao tangu zamani. Walichokosa ni kifungo cha kuushika, nacho wakakipata katika lami ya barabarani na katika mpira wenye harufu mbaya.