Lipiko: Kinyago chenye Chale za Nta

Tafadhali usiguse. Mistari iliyotuna mashavuni na kwenye paji haikuchongwa: ni nta ya nyuki, imebandikwa kufuata chale walizochanjwa Wamakonde usoni. Leo wenye chale hizo ni wazee wachache, na kwenye nta hii mchoro wao umebaki.

Mti ni mwepesi, wa jamii ya msufi, maana lipiko huvaliwa kichwani kama kofia na kuchezwa vijana wanapotoka jandoni. Nywele ni za binadamu. Vinyago vya kofia ni kazi hasa ya Wamakonde wenye asili ya ng'ambo ya mto Ruvuma.

Adui wa nta ni joto. Huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi, lakini hulainika mapema zaidi, na ikilainika vumbi huzama ndani yake lisitoke tena. Kwa hiyo kinyago hukaa mbali na dirisha, bati na taa za joto. Weupe unaojitokeza juu ya nta mara nyingi si kuvu. Ni chembe za nta yenyewe zilizopanda juu. Hupanguswa taratibu kwa brashi laini, kamwe si kwa maji ya moto wala spiriti.