Viti Vingapi, na vya Nani?

Ndugu msomaji, hebu tufanye hesabu ndogo kwanza. Mwaka 1957 Tanganyika ilihesabiwa watu. Waafrika walizidi milioni 8, Waasia pamoja na Waarabu walikaribia laki moja, na Wazungu walikuwa kama 20,000. Sasa una viti 30 vya kugawa. Mtoto wa darasa la sita atakuambia kwamba kwa hesabu ya vichwa Mzungu hapati hata mguu wa kiti, na Muasia hapati kiti kizima. Lakini Gavana Twining hakuwa mtoto wa darasa la sita. Jibu lake lilikuwa 10, 10 na 10.

Mambo hayo hayakuanza naye. Baraza la Kutunga Sheria lilikutana mara ya kwanza Desemba 1926, enzi za Gavana Cameron. Maofisa wa serikali walikuwa 13, na wajumbe wasio maofisa 7: Wazungu 5 na Wahindi 2. Mwafrika hata mmoja! Ati hakuna aliyejua Kiingereza cha kutosha, basi Gavana na maofisa wake ndio watamsemea. Wenye nchi walisemewa hivyo hadi mwaka 1945, walipoteuliwa machifu wawili, Kidaha Makwaia wa Usukuma na Abdiel Shangali wa Uchagani. Wawili kwa nchi nzima.

Mwaka 1955 ndipo likaja baraza la 10, 10, 10. Wengi husimulia habari ya hiyo usawa ambao haukuwa usawa, wakaishia hapo. Mimi naomba utazame upande wa pili wa ukumbi, ule wa serikali. Huko kulikuwa na viti 31. Thelathini na moja kwa thelathini! Aliyepanga alijua kabisa anachofanya. Hata kama siku moja Mwafrika, Mhindi na Mzungu wangekubaliana wote pamoja, jambo ambalo lilikuwa gumu, bado serikali ingewashinda kwa kiti kimoja.

Kisha ukaja uchaguzi wa 1958, na hapa ndipo sisi wa bonde la Kilombero tunapoingia katika habari. Siku hizo Ifakara ilikuwa chini ya Wilaya ya Ulanga, boma likiwa Mahenge, na Ulanga ilikuwa katika Jimbo la Mashariki. Jimbo lile lilianzia kwetu kwenye mabonde ya mpunga likateremka hadi Rufiji na pwani. Nchi yote hiyo ilipewa viti vitatu: kimoja cha Mwafrika, kimoja cha Muasia, kimoja cha Mzungu. Na mpiga kura alilazimishwa kuchagua watu watatu, mmoja wa kila rangi. Ukimpigia Mwafrika peke yake, kura yako imeharibika.

Ninaandika riwaya ambayo mhusika wake ni karani wa Ifakara wa mwaka huo, na nilitaka nimpeleke kituoni akapige kura. Kumbe si rahisi kama nilivyodhani! Sheria ilimtaka awe na elimu ya darasa la nane, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000, au awe na cheo fulani. Karani wangu anaweza kupenya. Lakini baba yake, mkulima wa mpunga, ambaye jembe lake ndilo lililomsomesha huyo karani, anabaki nyumbani. Uchaguzi ulikuwa Septemba, mpunga umeshavunwa, mto umeshuka, njia zinapitika, mzee ana nafasi tele. Anachokosa ni shilingi 3,000. Nimeandika ukurasa huo mara nne na kila mara mzee ananishinda nguvu, anataka riwaya iwe yake.

TANU walilijadili jambo hili Tabora, Januari 1958, na nusura chama kipasuke. Kukataa kura tatu kulikuwa na heshima yake. Lakini ukikataa, viti vinajazwa na wengine. Nyerere aliwashawishi wajumbe waingie, na uamuzi ule baadaye ukaitwa wa busara. Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka na kuanzisha chama chake, ANC. Mimi simcheki Mtemvu. Hesabu ilikuwa ya dhuluma kweli, na lazima mtu aseme.

Mgombea wa TANU katika kiti cha Mwafrika cha Jimbo la Mashariki alikuwa Nyerere mwenyewe, akipambana na Chifu Patrick Kunambi wa Uluguru. Alipata kura zaidi ya 2,600, Kunambi kama 800. Soma tena tarakimu hizo. Jimbo zima, na kura za kiti kile hazijazi uwanja mmoja wa mpira! Halafu kuna kichekesho kimoja: mwezi Agosti mwaka huohuo mahakama ilimtia Nyerere hatiani kwa kuwakashifu maofisa wa serikali, akatozwa faini ya pauni 150 au miezi sita jela. Kiasi kilekile cha kipato cha mpiga kura. Faini ililipwa.

Wagombea walioungwa mkono na TANU, wa rangi zote, walishinda kwa kishindo. Mtego uliotegwa ili kumpunguza Mwafrika ukawa ngazi. Kamati ya Ramage ikakaa kupanga upya, na mwaka 1960 viti vya kuchaguliwa vikawa 71: 50 vya wazi kwa mtu yeyote, 11 vya Waasia, 10 vya Wazungu. TANU ikachukua 70. Viti 58 havikuwa hata na mpinzani, hivyo sehemu nyingi kura haikupigwa kabisa.

Labda utasema, basi dawa ni kuondoa rangi na kugawa majimbo kwa watu tu. Vuka bahari uone. Januari 1961 Zanzibar ilipiga kura kwa majimbo 22. ASP ilipata 10, ZNP 9, ZPPP 3. Kiti cha Chake Chake ASP ilikishinda kwa kura moja! ZPPP ikagawanyika, wawili wakaenda ZNP, mmoja ASP. Hesabu ikawa 11 kwa 11. Hakuna serikali. Namba 22 inagawanyika sawasawa kwa mbili, na hakuna aliyeliona jambo hilo kuwa hatari mpaka lilipotokea. Likaongezwa jimbo la 23, Mtambile, kule Pemba, na uchaguzi ukarudiwa tarehe 1 Juni. ASP 10, ZNP 10, ZPPP 3. Safari hii ZPPP yote ikaungana na ZNP, serikali ikapatikana. Lakini ghasia zilizoanza siku ileile ya kura ziliua watu 68.

Julai 1963 viti vikaongezwa hadi 31. ASP ilipata asilimia 54 ya kura zote, ikaambulia viti 13. Wenzao wawili wakapata 18. Kura za ASP zilirundikana katika majimbo machache, kama lumbesa tunayoijua sana wakulima wa huku: kwa jina ni gunia moja, ndani mna gunia moja na nusu. Uhuru ulikuja tarehe 10 Desemba. Tarehe 12 Januari 1964 yakaja mapinduzi, na baraza lile la viti 31 likaisha kabla halijatimiza mwaka.

Na huku bondeni? Wilaya ya Kilombero ilimegwa kutoka Ulanga, na kwa miaka mingi ilikuwa jimbo moja. Mwaka 2015 likakatwa, likazaliwa jimbo la Mlimba. Mwaka huo viti vyote viwili vilikwenda Chadema, na mwaka 2020 vyote viwili vikaenda CCM. Ukihesabu Ulanga na Malinyi, eneo la ile wilaya ya zamani lina wabunge wanne wa majimbo. Mzee wangu wa mpunga angeweza kumchagua mmoja wao, bila shilingi 3,000, bila darasa la nane. Nimeshampa sura nzima katika riwaya. Karani atasubiri.