Maji ya Damu ya Sungura na Mbu wa Mvita

Mvita ni kisiwa kisicho na mto, na kwa sababu hiyo wenyeji wake tangu zama za kale walitegemea visima vyenye maji ambayo aghalabu yalikuwa na chumvichumvi, na mvua waliyoikinga na kuihifadhi mabirikani na mitungini, ambamo mbu naye alitaga mayai yake, iwe mtaa wa Kibokoni au wa Kuze. Maradhi aletayo mbu, kama kidingapopo, matende na busha, yalijulikana kwa wazee wetu kabla ya daktari yeyote kuyaandika. Bali kujua ni mbu yupi amnywaye binadamu halikuwa jambo la macho, kwani tumboni mwa mdudu damu ya mtu, ya mbuzi na ya punda ni rangi moja.

Jawabu lilitoka kwa sungura. Mwaka 1901, huko Greifswald, Ujerumani, tabibu Paul Uhlenhuth alionyesha kwamba sungura akidungwa damu ya mtu mara kadhaa, mwili wake huiona ngeni na kuitengenezea kingamwili, hata yakichukuliwa maji ya damu yake na kukutanishwa na doa la damu ya binadamu lililorowekwa, hufanyika wingu jeupe, ilhali damu ya ng'ombe husalia kama ilivyo. Mahakimu waliifurahia elimu hiyo upesi, na mwaka 1904 Nuttall wa Cambridge akachapisha majaribio 16,000 yaliyopima kwa njia hiyo ujamaa wa wanyama.

Lakini kingamwili za sungura si za namna moja. Ni umati, kila moja ikishika upande wake wa protini, na baadhi ya pande hizo mtu huzishiriki na kima na tumbili, ambao katika pwani yetu si wageni. Kwa hiyo fundi huyachanganya kwanza maji yale na damu ya wanyama wengine, ili zile zenye kukosea zinaswe na kuondolewa, na kwa rai yangu hapa ndipo ulipo uhodari wa kazi, kuliko katika kumdunga sungura. Isitoshe, hakuna sungura wawili watoao maji yaliyo sawa, na watafiti wanalalamikia jambo hilo mpaka leo.

Katika miaka ya 1950 na 1960, Weitz wa taasisi ya Lister, Uingereza, alipima kwa njia hiyo damu iliyonyonywa na mbu na mbung'o wa Afrika. Akabainisha kuwa mbung'o wengine huwategemea ngiri, na wengine pongo. Mwaka 1963, yeye na McClelland walitoa habari za mbu waliokamatwa majanini Kenya na Uganda, akiwamo yule wa kidingapopo, mwenye miguu ya mistari myeupe. Miaka ya 1970, huko Rabai, ng'ambo ya kisiwa, watafiti wakakuta mbu huyo ni wa namna mbili: mmoja mweusi zaidi, akaaye msituni na kutaga katika matundu ya miti, na mwingine aliyeingia nyumbani na kuzoea mitungi.