Kutua Mzigo: Kutoka kwa Wapagazi wa Ugogo hadi Simu ya Mkononi

Mwanafunzi mmoja hapa Dodoma aliniuliza: simu inapoacha data za mnara na kuingia katika mtandao pasiwaya wa jengo, tendo hilo tuliiteje kwa Kiswahili? Sikuwa na jibu la haraka. Historia ya Ugogo ndiyo iliyonipa.

Katika karne ya 19, njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita katika nchi hii. Mpagazi alibeba takriban frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Baada ya kulivuka pori kavu la Marenga Mkali, msafara uliingia Ugogo, ambako watemi walitoza hongo kabla ya kuuruhusu kupita. Neno hilo leo limebaki na maana ya rushwa. Kambini mizigo ilituliwa. Kitenzi tua ndicho kilichozaa kituo, mahali pa kutulia mzigo.

Mnara wa simu nao ni mpagazi. Masafa yake ni ya leseni, yana kikomo, na walio karibu nao huyagawana. Wakizidi, kasi humpungukia kila mmoja. Marekani ilifungua masafa yasiyohitaji leseni kwa mawasiliano ya namna hii mwaka 1985. Kiwango cha 802.11 kilitoka mwaka 1997, na jina la Wi-Fi likafuata mwaka 1999. Simu ya iPhone ilipoingia sokoni mwaka 2007, matumizi ya data yalipanda mno; mwaka uliofuata kampuni ya AT&T iliinunua Wayport, iliyoendesha vituo vingi vya Wi-Fi. Mzigo ukapata pa kutuliwa, kwani data ya Wi-Fi hupita katika waya wa jengo hadi kwenye intaneti bila kuugusa mnara.

Kwetu, mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009. Lakini mkongo kufika pwani si mkongo kufika mlangoni. Mwenye kituo hupumua; asiye nacho hubeba yote kwa bando lake, na hiyo ndiyo hongo ya zama hizi.

Basi nikamjibu: tuseme kutua data. Akatabasamu, kisha akauliza, “Nikirudi kijijini likizo, Mwalimu, nitatua wapi?”

Neno tumelipata. Kituo bado.